Herufi saba za Papa Antena: kuipanga UV-5R kwa CHIRP, hapa Lubumbashi

Papa Antena alifika kwenye kibanda changu Jumatatu asubuhi, redio kaifunga ndani ya leso kama mtu aliyebeba mayai. Huku Katuba tunamwita hivyo kwa ajili ya bomba refu lililosimama juu ya bati lake tangu mimi niko mtoto. Alikuwa fundi umeme wa migodini. Amestaafu, macho yamepungua, lakini leseni yake ya redio ya ridhaa (ya wanaowasiliana kwa kupenda tu, si kwa biashara) na alama yake ya wito, yaani jina lake la hewani, ile inayoanza na 9Q kama zetu zote hapa Kongo, bado anazitunza kwenye bahasha moja na cheti cha ndoa. Bintiye ndiye aliyemletea hii redio ya mkononi: Baofeng UV-5R, mpya, bado na nailoni kwenye kioo.

Akaiweka mezani, akazungusha kitufe cha kuwashia. Redio ikasema neno.

“Mutoto, hii kitu inasema Kichina,” akaniambia. “Miye sijui Kichina. Toa.”

Basi hayo ninayoyaandika hapa ni habari ya kutoa. Wengi wanaoniletea redio hizi wanataka niwaongezee: chaneli zote 128 zijae, masafa ya huku na huku, ya walinzi, ya teksi, ya nani sijui. Papa Antena alitaka nipunguze mpaka ibaki redio ambayo mzee anaweza kuitumia gizani bila miwani. Baada ya wiki mbili za kazi hiyo nimeona kwamba yeye ndiye aliyeielewa CHIRP, programu ya kompyuta ya kupangia redio hizi, kuliko sisi wote, ingawa hajawahi kugusa kompyuta.

Redio yenyewe kwanza. Kwa bei yake sina la kuisema vibaya. Inashika mikanda miwili ya masafa: VHF kuanzia megahezi 136 hadi 174, na UHF kuanzia 400 kwenda juu. Inatuma kwa wati 4 hivi, au wati 1 ukitaka kubana betri. Ina tochi kichwani na FM ya kusikilizia habari. Tatizo liko kwenye menyu. Kuna vipengele 41, kuanzia namba 0 hadi 40, na vyote vimeandikwa kwa vifupisho vinavyofanana na namba za gari: SFT-D, PTT-LT, TDR-AB. Kuhifadhi chaneli moja yenye masafa mawili, moja ya kusikilizia na moja ya kutumia, unabonyeza mpaka kidole kinachoka, na ukikosea hatua moja unarudi mwanzo. Halafu kuna hili ambalo wengi hawalijui: jina la chaneli huwezi kuliandika kwa vitufe vya redio hata ukikesha. Mlango huo haupo. Jina linaingia kwa kompyuta, na kwa njia nyingine haliingii.

Hapo ndipo CHIRP inapokuja. Ni programu ya bure, iliyoanzishwa na Dan Smith, mwanaredio wa Marekani mwenye alama ya wito KK7DS, na sasa inaendelezwa na watu wengi kwa kujitolea. Inakubali Windows, Mac na Linux, na inajua redio za mamia ya aina, si hii ya Wachina peke yake. Ukiifungua unaona jedwali kama daftari la mikopo la muuza duka: kila mstari ni chaneli, na mbele yake masafa, jina, toni (mlio mdogo unaoambatana na sauti kama ufunguo), nguvu. Nilikuta inaongea Kifaransa, jambo lililonisaidia. Kiswahili sikukiona.

Lakini kabla ya CHIRP kuna kebo, na kebo ndiyo iliyonila siku mbili.

Niliinunua mjini, kwenye duka la vifaa vya simu ambalo sitalitaja, kwa dola kumi. Nikachomeka, Windows ikanichorea pembetatu ya njano pale kwenye orodha ya vifaa, ikagoma. Ndani ya kichwa cha kebo kuna chipu ndogo ya kutafsiri kati ya kompyuta na redio. Kebo za bei rahisi nyingi zimewekewa chipu ya kuigiza ile iitwayo PL2303, na draiva (programu ndogo za kuendesha kifaa) mpya za mwenye chipu halisi zimefundishwa kuzitambua feki na kuzikatalia. Feki na toleo la zamani sana zote zinapata adhabu hiyo hiyo. Dawa inayojulikana ni kurudisha draiva ya zamani kwa mkono: unaingia kwenye orodha ya vifaa, unaiambia kompyuta isitafute yenyewe, unaichagulia toleo la nyuma. Nilifanya, ikakubali. Usiku Windows ikajisasisha, asubuhi pembetatu ya njano imerudi na kucheka.

Mwishowe nilimwita kijana mmoja anayesoma chuo kikuu, kule Kasapa, akaja na kompyuta yake ya Linux. Kebo ile ile, feki ile ile, ikafanya kazi bila draiva yoyote ya kupakua. Alilazimika tu kuliingiza jina lake la mtumiaji kwenye kundi la dialout, ndipo mfumo ukamruhusu kuigusa bandari ile. Tangu hapo nimenunua kebo ya pili, yenye chipu ya FTDI. Bei ni zaidi ya mara mbili na sijutii hata faranga moja. Kama una pesa ya kitu kimoja tu cha kuongezea juu ya redio yako, acha antena ndefu, acha kibetri kikubwa. Nunua kebo nzuri.

Na hata kebo nzuri inataka mkono. Plagi ina pini mbili, moja nene moja nyembamba, na ubavu wa redio una kingo za plastiki zinazoizuia isiingie mpaka mwisho. Unadhani imeingia. Ukiinamisha kichwa ukatazama kwa pembeni, unaona bado pengo kama unene wa ukucha. CHIRP itakwambia redio haijibu, wewe utailaumu draiva, utailaumu Windows, utamlaumu na mchawi, na kumbe ni ukucha mmoja. Redio iwe imezimwa, sukuma plagi kwa kidole gumba mpaka isikike inakaa, ndipo uwashe. Mara mbili nimemtumia mteja picha ya pengo hilo kwenye WhatsApp badala ya kumweleza.

Sheria ya kwanza ya CHIRP, na hapa sikubali ubishi: soma kwanza yaliyomo ndani ya redio, uyahifadhi bila kugusa kitu, faili upe jina la mwenye redio na tarehe. Ni faili dogo, kilobaiti sita hivi, picha moja ya harusi ni kubwa kuliko mamia yake. Faili hilo ndilo lililoniokoa. Siku ya tatu nilikuwa katikati ya kuandika chaneli ndani ya redio ya Papa, mstari wa maendeleo umefika nusu, umeme ukaenda. Laptopu yangu betri yake ilikufa zamani, inaishi kwa waya, nayo ikazima papo hapo. Nikaiwasha redio: chaneli za juu zina majina mapya, za chini zina za kiwandani, mipangilio mingine sijui ya nani. Umeme uliporudi saa moja usiku nilirudisha lile faili la mwanzo, redio ikawa kama ilivyotoka kwenye kartoni, nikaanza upya. Sasa kuandika nafanya kwa betri ya sola tu.

Jambo jingine la hapo hapo: usichukue faili zima la redio ya rafiki ukalimimina kwenye ya kwako, hata kama kwa nje ni pacha. Matoleo ya ndani yanatofautiana. Fungua mafaili yote mawili kwenye CHIRP, nakili mistari ya chaneli unayoitaka, ibandike kwenye faili lililosomwa kutoka redio yako mwenyewe.

Tukaingia kwenye majina. UV-5R inakubali herufi saba, zote kubwa. Saba tu. Papa alikaa kwenye kigoda pembeni yangu, mimi nasoma masafa, yeye anabatiza. Megahezi 145.500, pale wanaredio wa ridhaa wa kanda yetu wanapoitana kwa FM, akasema ni pa KUITANA. Nikahesabu kwa vidole: K, U, I, T, A, N, A. Saba kamili! Mzee akafurahi kana kwamba mchina alipima kwa ajili yake. Chaneli ya nyumbani akataka iitwe NYUMBANI, ikakataa herufi ya mwisho, ikabaki NYUMBAN kama mtu aliyekatwa ulimi. Akafikiri kidogo, akasema: “Weka KWETU.” Ni bora kuliko lile la kwanza. Za wenzake watatu wenye leseni tukazipa majina ya wanakokaa: KENYA (mtaa wetu wa hapa Lubumbashi, si ile nchi), RWASHI, KIPUSHI. Kipushi nayo ni saba kamili, ila kwa antena hii ya mpira na hizo kilomita thelathini naiona ni matumaini zaidi kuliko chaneli.

Maneno ya kukaribisha unapowasha redio nayo yanabadilishwa hapo. Ni mistari miwili, kila mmoja herufi saba. Nikaandika KARIBU juu, na chini MUKUBWA. Kwa Kiswahili cha shule ni “mkubwa”, lingebaki tundu moja mwishoni. Kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi linajaza mstari sawasawa.

Mwishowe, pamoja na zile za angani nitakazozieleza chini, zikafika kumi na mbili. Kumi na mbili kati ya 128! Nilimuuliza kama anataka nyingine, za kusikiliza tu.

“Apana. Bingine byote, toa.”

Sasa mipangilio, na hapa ndipo programu inapoipita menyu kwa mbali, kwa sababu unaiona yote mbele yako kwa maneno marefu badala ya vifupisho. Sauti ya Kichina: imezimwa. Mlio wa kila kitufe: umezimwa. Ule mlio wa mwisho wa kusema, unaopiga kelele masikioni mwa kila mtu kila ukiachia kitufe: umezimwa, na aliyeubuni aulizwe. Muda wa juu wa kutuma bila kupumua ulikuwa sekunde 60. Papa husalimia kwanza watu, halafu wake zao, halafu mvua. Nikampa sekunde 180.

Kile cha kuangalia chaneli mbili kwa zamu nilikizima pia, na ningemshauri kila mgeni wa redio hii akizime. Kikiwa kimewashwa, redio inarukaruka kati ya mstari wa juu na wa chini, akiita mtu kwenye wa chini unajikuta unamjibu huko huku macho yako yako juu. Mzee asiyeona vizuri atatuma mahali asipokusudia na hatajua. Badala yake tukatumia rangi. Taa ya kioo ina buluu, chungwa na zambarau, unachagua ipi iwake wakati gani. Ikiwa imetulia, buluu. Akisema mtu, chungwa. Papa akituma mwenyewe, zambarau. Haya ndiyo mabadiliko aliyoyasifu kuliko yote, maana rangi anaiona hata namba zikimkimbia.

Kitufe cha chungwa cha ubavuni kina kazi mbili, na mimi naona ni ubunifu mbaya. Ukikigusa unapata FM. Ukikishikilia kinapiga king'ora. King'ora hicho kinaweza kupangwa kilie hapo ulipo tu, au kirushwe na hewani kwa watu wote. Nikakifunga kilie hapo tu. Mjukuu wa miaka minne yuko nyumbani, sihitaji kueleza zaidi. FM nayo ina kumbukumbu ya stesheni moja. Niliiandika ile anayosikilizia habari za Radio Okapi, na chaneli ikiita, FM inanyamaza yenyewe kisha inarudi.

Kisha mipaka. Kiwandani redio hii imeachwa wazi mno, inaweza kutuma kwenye masafa ya watu ambao hawana utani. Mji wetu ni wa migodi na walinzi, redio za mkononi zimejaa, na anayeonekana na moja bila karatasi anaulizwa maswali. Masafa ya nchi yana mwenyewe, ni ARPTC, mamlaka ya serikali ya posta na mawasiliano. Kwa hiyo niliingia sehemu ya mipaka kwenye CHIRP, nikaibana VHF kati ya 144 na 146, UHF kati ya 430 na 440, hapo ndipo penye haki ya wanaredio wa ridhaa wa kanda yetu. Mimi sina leseni, na kwenye majaribio yote kitufe cha kusemea alibonyeza yeye.

Kuna na kufuli la chaneli moja moja, ambalo ni zuri mno na watu wanalipita. Kwenye safu ya tofauti ya masafa kuna chaguo la kuzima. Ukilichagua, chaneli hiyo inasikia lakini haitumi, kitufe ubonyeze mpaka kesho. Nililitumia kwa 145.800, masafa ambayo wanaanga wa kituo cha kimataifa cha anga za juu husikika wakizungumza na wanafunzi. Pale hakuna mtu wa chini anayepaswa kutuma. Jina lake ni ANGANI.

Papa aliposikia hivyo akaweka miguu chini. Tunaweza kukisikia kituo chenyewe?

Ndiyo, na zaidi. Kituo kile kina ripita, mtambo unaopokea sauti na kuirudisha chini papo hapo. Unatuma juu kwa 145.990 ukiambatanisha toni ya hezi 67, kinarudisha chini kwa 437.800. Kwenye menyu ya redio hiyo ni kazi ya jioni nzima. Kwenye CHIRP ni mstari mmoja: masafa ya kusikiliza, unachagua mgawanyo, unaandika ya kutumia, unaweka toni. Angalia tu uchague “Tone” peke yake, si “TSQL”. Niliweka TSQL mara ya kwanza, na redio ikawa kiziwi: ukiichagua hiyo, haifungui sauti mpaka ishara inayoingia nayo iwe na toni ile ile.

Tena kitu kile kinakimbia, kinaizunguka dunia kwa dakika tisini na kitu, hivyo masafa yanasogea kama honi ya lori inayokupita. Kikija yanakuwa juu kidogo, kikiondoka yanashuka, na kwenye UHF tofauti inafika kama kilohezi 10 kila upande. Basi chaneli moja haitoshi. Nilizipanga tano, 437.810, 437.805, 437.800, 437.795, 437.790, nikaziita ANGA 1 hadi ANGA 5. Mtu anaanza na ya kwanza, anateremka mmoja mmoja sauti inapoanza kukwaruza.

Jioni ya Alhamisi tulisimama uani kwake, kuku wameshalala. Kinyamazishi, kile kinachozima mvumo wakati hakuna anayesema, nilikifungua kabisa, maana ishara ya mbali ni nyembamba. ANGA 1, mvumo. ANGA 2, mvumo, halafu mvumo ukasafika na sauti ya mwanamume ikatoka, anaita kwa Kiingereza, alama yake inaanza na ZS. Afrika Kusini! Kwenye redio ya mkononi, Katuba. Papa alibonyeza, kioo kikawa zambarau, akataja alama yake polepole kama mtu anayeapa. Hakujibiwa. Wati nne na mpira wa sentimita kumi na kitu si silaha ya kugombania nafasi na watu wenye antena za kuelekeza, na redio hii haiwezi kusikia wakati inatuma, huwezi hata kujua kama ulifika. Aliita mara tatu, kisha akazima tochi niliyokuwa nimeisahau inawaka.

Mimi ningemwambia nini mtu anayeuliza kama anunue? Redio bila kompyuta, ningemkataza. Redio na CHIRP na kebo ya maana, anunue, mradi leseni itangulie. Nilimtoza Papa faranga elfu kumi na tano na hasara ya kebo ya kwanza nikaila mwenyewe.

Wiki iliyopita amerudi tena, redio ndani ya leso ile ile. Nikadhani imeharibika. Apana, anataka ANGA 5 iondolewe. Anasema ikifika hapo kituo kimeshavuka Zambia, kinawasalimia watu wengine, na kidole chake kinapita bure.

Nimeiondoa. Zimebaki kumi na moja.